Barua Iliyofika Kabla ya Kutumwa

Barua ya tatu ilikuwa fupi kuliko zile mbili za kwanza. Inspekta Triza Nabiswa aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, akaketi na kuisoma tena kwenye kompyuta iliyowekwa mbele yake.

"Patrobas, mimi ni mzima. Niko Muscat, nimepata kazi kwa familia ya heshima. Usinitafute na usimsumbue mtu yeyote kwa ajili yangu. Perez."

"Hiyo si sauti ya mke wangu," alisema mwanamume aliyeketi upande wa pili wa meza. "Perez hawezi kuniandikia kama mtu anayeagiza unga dukani."

Jina lake lilikuwa Patrobas Lusweti. Alikuwa karani wa bima na shemasi kanisani kwao. Shati lake lilipigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya kola, na sauti yake haikupanda hata alipozungumzia jambo la kumliza mtu. Alikuwa anaishi Umoja, lakini alikuwa amevipita vituo vya polisi vya karibu na kwao akaja hapa, kando ya Barabara ya Jogoo, akauliza kwa jina kama Inspekta Nabiswa yupo. Alipoingia alimsalimia kwa salamu ya amani ya nyumbani, kwa lugha ya kabila lao wote wawili. "Mulembe, dada." Triza aliitikia. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amsalimie hivyo ndani ya ofisi ile.

"Umezikuta wapi hizi barua?" aliuliza.

"Kwenye taka. Ile sehemu ambayo barua za matapeli hutupwa. Nilikuwa natafuta barua ya ofisini iliyopotea, nikazikuta humo zimelala pamoja na matangazo ya dawa za kuotesha nywele."

"Anwani iliyoandikwa ni yake?"

"Ni yake kabisa. Lakini hazikutoka huko. Kwenye barua alizotuma hazimo." Akaegemea mbele. "Kuna mtu ana mke wangu, dada. Ananiandikia kwa jina lake ili ninyamaze."

Maelezo mengine yalikuwa machache. Perez Amondi alitoka nyumbani asubuhi moja ya mwezi wa nne akiwa na mkoba wa mkononi tu. Simu yake aliiacha juu ya meza ya kulia chakula, imezimwa. Sasa ulikuwa mwezi wa saba, baridi imekaza, na hakuna aliyemwona.

Triza alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika kitengo cha uhalifu wa kompyuta kabla ya kuhamishiwa hapa. Aliivuta mashine karibu, akaiambia imwonyeshe kichwa kizima cha barua ile.

Kila barua pepe ina kichwa ambacho msomaji wa kawaida haonyeshwi. Ni mistari ya maandishi madogo ya kuchosha, na kila seva inayoipitisha barua hugonga mhuri wake juu ya mhuri wa iliyotangulia: nimeipokea kutoka kwa fulani, saa fulani. Kwa hiyo safari ya barua husomwa kutoka chini kwenda juu. Mihuri ya juu imegongwa na kampuni inayomtunzia mpokeaji barua zake, na hiyo inaaminika. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyopaswa kuwa na shaka, kwa sababu mtumaji mjanja anaweza kuandika mihuri ya uongo na kuituma pamoja na barua.

Alianza na sababu ya barua kutupwa. Ilikuwa wazi. Seva iliyoileta haikuruhusiwa kubeba barua za anwani ile, na sahihi ya kidijitali haikuwepo. Mtambo wa kuchuja uliona barua inadai jina isiloweza kulithibitisha, ukaitupa takani.

Kisha akashuka hadi chini kabisa. Mhuri wa kwanza ulidai kwamba barua ilianzia kwenye seva ya Muscat. Triza alitazama saa iliyoandikwa kwenye mhuri huo, akaondoa saa moja ambayo Muscat imeitangulia Nairobi. Ikawa saa tisa kasorobo mchana. Akapanda mstari mmoja. Seva ya kampuni ndogo ya Nairobi, inayowahifadhia wafanyabiashara tovuti zao, ilisema imeipokea barua hiyo hiyo saa nane na robo.

Alihesabu upya kwa vidole, polepole, kama mtoto. Jibu halikubadilika.

"Nini?" Patrobas aliuliza.

"Barua ilifika kabla ya kutumwa," Triza alisema. "Huu mstari wa Muscat umeandikwa na mtu, haukugongwa na seva. Aliyeuandika alikosea saa. Hakuna Muscat hapa. Barua imetoka Nairobi."

Patrobas alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Basi yuko karibu," alisema.

"Aliyeandika yuko karibu."

"Unaweza kuipata nyumba?"

Triza alitazama tena mhuri wa ile seva ndogo. Ulikuwa umenakili namba ya laini ya intaneti iliyotumika, na pia jina ambalo kompyuta ya mtumaji ilijitambulisha nalo: USHONAJI. Hakumtajia.

"Nikipata amri ya mahakama, kampuni ya intaneti itaniambia mteja ni nani. Na laini ya nyumbani kwako nitaihitaji pia."

Kesi za namna hii alikuwa ameziona. Mke haonekani, barua zinakuja zikisema ni mzima, na anayeziandika ni yule yule anayelia mbele ya polisi. Lakini Patrobas hakusita hata kidogo. Alimpa Konstebo Kweyu namba yake ya mteja wa intaneti papo hapo, akamkaribisha nyumbani akague apendavyo. Kweyu alirudi jioni. Laini ya Umoja haikufanana hata kidogo na ile iliyotuma barua.

Triza aliacha kumshuku Patrobas. Aliyebaki alikuwa kaka wa Perez.

*

Sylvance Ooko alikuwa fundi katika karakana ya reli. Alitoka langoni akifuta mikono kwa kitambaa, na aliendelea kuifuta muda wote walipokuwa wakizungumza, ingawa ilikwisha kutakata.

"Dada yako haonekani tangu mwezi wa nne," Triza alisema. "Wewe hujakanyaga kituo chochote."

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Perez ni mtu mzima."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Pasaka."

"Alikuwa na hali gani?"

Sylvance alitazama gari la polisi, akamtazama Kweyu aliyeegemea mlango, kisha akarudisha macho kwenye kibandiko cha jina kifuani mwa Triza.

"Nabiswa," alisoma. "Lusweti naye ni mtu wa kwenu."

"Mimi ni polisi."

"Hata wale wa kwanza walikuwa polisi."

"Wa kwanza gani?"

Garimoshi la mizigo lilipita nyuma ya ukuta, na wote watatu wakangoja kelele ipungue.

"Nikuulize mimi swali moja," Sylvance alisema. "Ukimpata, nani ataambiwa kwanza?"

"Mlalamishi. Ndiyo sheria."

"Basi sina la kukuambia, mama." Akakunja kitambaa, akakitia mfukoni na kurudi ndani bila kugeuka.

Kweyu aliwasha gari. Alikuwa kijana wa Mumias, mwepesi wa kukata shauri. "Huyu ana jambo, madam. Ndugu asiyemtafuta dada yake ama amemficha ama amemzika."

Neno "wa kwanza" lilimkaa Triza akilini njia nzima, lakini alikuwa na ombi la kupeleka mahakamani Makadara kabla ya karani kufunga dirisha, na alipofika huko foleni ilimsahaulisha.

*

Jibu la kampuni ya intaneti lilichukua wiki moja. Laini ilikuwa ya jumba la fleti mtaa wa Fedha, imeandikishwa kwa jina la mwenye jumba, na wapangaji wote waliitumia.

Asubuhi hiyo hiyo Patrobas alikuwa amekuja kuulizia, kama alivyofanya karibu kila siku. Hakuwa msumbufu. Alikaa kwenye benchi la mapokezi akiwa na Biblia ndogo, akangoja hadi Triza alipokuwa na nafasi. Triza alimwita ndani na kumuuliza swali ambalo mpelelezi yeyote angeuliza.

"Perez ana mtu Fedha? Jamaa, rafiki, mtu aliyewahi kufanya kazi naye?"

"Fedha," Patrobas alisema. Alilitamka polepole, kama anayeonja chakula kujua kimetiwa nini. "Hapana. Fedha hatuna mtu. Ni sehemu gani ya Fedha?"

"Hilo siwezi kukuambia kwa sasa."

"Bila shaka, dada. Kazi ina taratibu zake." Akainuka, akampa mkono. Kiganja kilikuwa na jasho, asubuhi ya baridi kama ile.

Triza aliliona hilo. Alidhani ni matumaini.

*

Jumba lilikuwa la ghorofa sita, rangi yake ya krimu imeanza kubanduka upande wa mvua. Mlinzi wa jumba, Mulongo, alikuwa na mabuti ya mpira na bomba la maji mkononi, akiosha ua.

"Niaje, madam," alisema, kisha akaona kitambulisho, akafunga bomba. "Kuna noma?"

"Hii intaneti ya jumba inafika nyumba zote?"

"Zote. Landlord aliiweka, kila floor inashika. Lakini huko juu kabisa iko slow."

"Kuna mtu anashona nguo humu?"

"Waruguru," Mulongo alisema bila kufikiri. "Floor ya nne, mlango wa mwisho. Hushona uniform za shule, anauzia watu online. Hana shida na mtu."

"Anaishi peke yake?"

Mulongo alisugua shingo. "Alikuwa peke yake. Siku hizi kuna cousin yake ni mgonjwa, ako ndani."

"Mgonjwa wa nini?"

"Sijui, madam. Huyo sijawahi kumwona uso. Tangu aingie hajatoka. Maziwa mimi huacha kwa mlango, na dirisha lao hawafungui hata jua ikiwaka."

Triza na Kweyu walitazamana. Triza aliinua macho hadi ghorofa ya nne. Pazia zito la kahawia lilikuwa limevutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na pembe zake zilikuwa zimebanwa kwa vibanio vya nguo ili upepo usilisogeze.

"Kuna njia nyingine ya kutoka?"

"Ni hii ngazi tu."

"Kweyu, kaa hapa langoni. Mtu yeyote akishuka kutoka ghorofa ya nne, mzuie."

Alipanda. Ghorofa ya pili palinuka maharage yanayochemka. Ya tatu palikuwa na redio. Alipofika ya nne alisikia cherehani ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena. Alilegeza kifungo cha mkoba wa bastola kiunoni, akabisha. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono.

"Nani?"

"Polisi. Inspekta Nabiswa. Fungua mlango, Waruguru."

Komeo likavutwa, na la pili, na la tatu. Mwanamke aliyesimama mlangoni alikuwa wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mkononi ameshika mkasi wa kukatia vitambaa. Triza alimtazama machoni hadi akauweka chini.

Chumba kilijaa marobota ya vitambaa, vya kijani na vya zambarau, yamepangwa ukutani kuanzia mlangoni hadi dirishani. Pembeni mwa cherehani palikuwa na kompyuta.

"Hiyo mashine inaitwa USHONAJI," Triza alisema. "Ndiyo iliyotuma barua tatu kwa Patrobas Lusweti kwa jina la mke wake. Saa ya Muscat uliikosea. Perez Amondi yuko wapi?"

Mlango wa chumba cha ndani ulifunguliwa kabla Waruguru hajajibu.

"Mwache aingie, Waru. Amekwisha kufika."

Perez alikuwa mwembamba kuliko picha aliyoileta mumewe, na nywele alikuwa amezikata. Hakuwa amefungwa kamba wala kufungiwa. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda kwa ndani, kama mfupa uliovunjika na kuungana bila daktari.

"Niko hapa kwa hiari yangu," alisema. "Maneno ya barua niliyasema mimi, Waru akaandika. Nilitaka aamini nimevuka bahari, achoke, aache kunitafuta. Waru alisoma mtandaoni namna ya kuzifanya zionekane zimetoka mbali."

"Mume wako ameripoti kwamba umetekwa."

"Ameripoti lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Mimi nimeondoka mwezi wa nne." Perez hakuinua sauti. "Jiulize miezi yote hiyo alikuwa wapi."

Triza alifunga tena kifungo cha mkoba wa bastola.

"Nitakuambia alikuwa wapi," Perez akaendelea. "Alikuwa anazunguka kwa kila rafiki yangu. Alikwenda kwa Sylvance na watu wawili, wakamngoja langoni kazini. Hakuja polisi, kwa sababu hakuwa na cha kuwapa. Barua zilipokuja akapata uzi, lakini hakujua kuuvuta. Akatafuta anayejua."

"Aliniambia amekagua barua ulizotuma, akakuta hizi hazimo," Triza alisema, na alipokuwa akilitamka jambo hilo alilisikia kwa mara ya kwanza. Mtu hawezi kuona barua alizotuma mwenzake kama hana ufunguo wa sanduku lake.

"Neno langu la siri alilibadilisha mwaka jana. Simu yangu ilikuwa ikimwambia nilipo. Ndiyo maana niliiacha mezani." Perez alikishika kifundo chake kibovu kwa mkono mzima. "Hiki alikivunja siku ya Jumapili, tumetoka ibadani. Nilikwenda kituoni. Wakanipa kiti, wakanipa chai, wakampigia simu aje anichukue."

Hao ndio polisi wa kwanza aliowataja Sylvance. Waruguru alikuwa amesogea dirishani na kusimama hapo, bila kuligusa pazia.

"Umemwambia ni Fedha?" Waruguru aliuliza.

Kabla Triza hajajibu, simu yake ililia. Alikuwa Kweyu.

"Madam, yule mlalamishi wako amefika. Amesema umemwita aje kumtambua mke wake."

"Sijamwita mtu. Mzuie hapo hapo."

"Nimemruhusu apite, madam. Alilitaja jina lako. Na gari lake lilikuwa nyuma yetu tangu kituoni, nikadhani mmekubaliana. Yuko ngazini."

"Ana kitu mkononi?"

"Begi. Amesema ni nguo za mkewe."

"Panda. Panda sasa hivi, na yule Mulongo aje nawe."

Alikata simu na kurudisha makomeo yote matatu mahali pake. Perez alikuwa amesikia. "Ingieni ndani kabisa, bafuni," Triza aliwaambia. "Fungueni maji, lowesheni taulo, mzibe chini ya mlango."

"Taulo za nini?" Waruguru aliuliza.

"Fanyeni tu."

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Pengine ni lile neno begi. Alisimama kando ya mlango, mgongo ukutani, bastola mkononi, akasikiliza. Nyayo zilikuwa zinapanda bila haraka, kama za mtu anayerudi kwake kutoka kazini. Zilipita redio ya ghorofa ya tatu. Zikaja hadi mlangoni, zikakoma.

Mtu alibisha kwa upole.

"Mulembe, dada Nabiswa," ilisema ile sauti isiyopanda. "Umefanya kazi nzuri. Sasa fungua, nimpeleke mama nyumbani."

"Perez hayuko hapa, Patrobas. Nimekuta fundi cherehani peke yake. Shuka tuonane chini."

"Wewe si mwongo, dada. Niliulizia habari zako kabla sijaja. Waliniambia kuna Nabiswa mmoja alikuwa kitengo cha kompyuta, hachoki mpaka apate." Zipu ilifunguliwa. "Nikasema, huyo ndiye."

Kifuniko kilizungushwa. Kisha Triza aliisikia harufu, na kabla hajaipa jina aliiona petroli yenyewe ikipenya chini ya mlango, nyembamba, ikifuata ufa kati ya vigae kuelekea kwenye marobota ya vitambaa. Alirudisha bastola kiunoni. Risasi moja ingewasha kila kitu. Akalivuta robota lililokuwa karibu, akalisukuma kwa mguu mbali na ule mchirizi, kisha la pili.

"Ongea na mimi, Patrobas," alisema. "Unataka nini?"

"Nataka mlango ufunguliwe."

"Nikifungua, utafanya nini?"

Kilichojibu ni kiberiti, kikitikiswa taratibu ndani ya kisanduku chake.

"Nitafungua," Triza alisema. Alilivuta komeo la juu kwa kelele, akalirudisha. Akalivuta tena. "Limekwama. Ngoja. Hili la juu limekwama."

"Nangoja."

Aliendelea kulitikisa lile komeo, akilipandisha na kulishusha, huku petroli ikimlowesha soli za viatu. Kiberiti kilinyamaza. Alimsikia akifungua kisanduku. Ndipo ngazi nzima ikatikisika kwa mbio za mabuti, kitu kizito kikaupiga mlango kwa nje hadi plasta ikadondoka, na Kweyu akapiga kelele neno moja ambalo Triza hakulielewa.

Alifungua makomeo yote.

Patrobas alikuwa amelazwa kifudifudi katika petroli yake mwenyewe, Kweyu amemkalia mgongoni, Mulongo amemkumbatia miguu. Njiti za kiberiti zilikuwa zimetapakaa sakafuni, zimelowa. Dumu la plastiki lilikuwa limeanguka nje ya begi na bado lilikuwa likitoa. Begi lilikuwa na nguo za kike kweli, zimekunjwa vizuri.

"Mwambie kijana wako aniachie," Patrobas alisema, shavu likiwa kwenye sakafu. Hakuwa akihema. "Yule ni mke wangu. Haya ni mambo ya nyumbani."

Triza alimfunga pingu yeye mwenyewe. Ilimbidi ajaribu mara mbili ndipo zikashika.

*

Walipofika kituoni Perez alikataa kupita mlango wa mbele hadi alipohakikishiwa kwamba Patrobas amekwisha kupelekwa mahabusu. Sylvance alikuwa amekwisha kuja, na nguo za kazi mwilini. Alimshika dada yake begani, wakasimama hivyo. Kisha akamtazama Triza juu ya kichwa cha Perez, na Triza ndiye aliyeyaondoa macho.

Triza alimpa Perez kiti ofisini kwake. Hakumpa chai. Nguo zake mwenyewe bado zilinuka petroli, na alifungua dirisha ingawa nje palikuwa na baridi.

"Sina neno la kukupa," alisema. "Nilimleta mimi."

"Najua," Perez alisema.

"Kesho atasimama mahakamani. Nitapinga dhamana. Siwezi kukuahidi hakimu atasema nini."

"Hilo pia najua. Andika."

Triza alivuta fomu ya taarifa ya shahidi, akafungua kalamu. "Jina lako kamili?"

"Perez Amondi Ooko."

"Umri?"

"Thelathini na mmoja."

"Kazi?"

"Nilikuwa mwalimu wa chekechea."

"Mahali unapoishi?"

Perez aliitazama ile karatasi, akatazama kalamu, akatazama mlango ambao watu walikuwa wakipita nje yake, makarani na makonstebo na mawakili, kila mmoja akiwa na mafaili kwapani.

"Hapo usiandike," alisema.

Triza alipeleka kalamu kwenye mstari uliofuata.